Jiwe linasomwa kwa mwanga, kifua cha mtoto bado tunakihesabu kwa macho

Hapa Mubi hakuna mtu asiyejua thamani ya jiwe. Ukitoka upande wa Njingala na kifuko chako cha kasiterite, mnunuzi hatakuamini kwa maneno. Anataka kujua katika kilo moja kuna bati kiasi gani. Zamani watu walikisia kwa uzito na kwa rangi. Siku hizi, katika biashara ya madini, kuna mashine ndogo inayoshikwa mkononi kama bastola. Wanaielekeza kwenye unga wa jiwe, inatuma miale ambayo jicho halioni, jiwe linajibu kwa miale yake lenyewe, na kwenye kioo kidogo zinatokea namba: bati kiasi hiki, chuma kiasi hiki. Jiwe halikuyeyushwa. Limesomwa tu, na mfanyabiashara amejua ukweli kabla hajatoa pesa.

Nimeanza na jiwe kwa sababu nataka kuzungumza juu ya kifua.

Majuzi nilikaa asubuhi nzima kwenye benchi la kituo kimoja cha afya kandokando ya barabara yetu, nikitayarisha kipindi cha afya cha redio. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na benchi lilijaa akina mama wenye watoto wa kukohoa. Karibu nusu yao walikuwa wahami wa vita, waliotoka Masisi, Pinga na Walikale-centre. Mama mmoja alikuwa na mtoto wa miezi 8. Muuguzi akamfungua mtoto nguo, akaweka simu yake mezani imhesabie dakika moja, akainama akitazama kifua kikipanda na kushuka. Alipofika 58, dakika ikaisha.

"Dokta, ni ugonjwa gani?" mama akauliza.

Muuguzi hakumdanganya. "Mama, ni kifua. Kama ni virusi ao ni mikrobi ingine, sina kitu cha kunionyesha."

Akampa amoksisilini, akamwambia arudi baada ya siku mbili, na arudi mbio hata usiku kama mtoto akikataa kunyonya ao akianza kuvuta mbavu ndani. Simlaumu muuguzi yule hata kidogo. Alifanya sawa na vile Shirika la Afya Duniani linavyofundisha: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 ao zaidi kwa dakika, huyo ni wa kutibiwa nimonia. Wa mwaka 1 hadi 5, ni mara 40. Mchanga wa chini ya miezi 2, ni mara 60. Kanuni hiyo imeokoa watoto wengi sana, kwa simu na macho tu.

Lakini nilipotoka pale, wazo moja lilikataa kuniacha. Katika eneo letu la Walikale, jiwe linapimwa kwa mwanga mpaka tunajua kilichomo ndani yake. Kifua cha mtoto kinakisiwa. Na maoni yangu leo ni haya: elimu ya kusoma mwili kwa mwanga ipo, inakua, na itafika siku moja hata hapa. Sisi hatupaswi kungoja ifike ikiwa tayari imefundishwa kwa miili ya watu wengine. Tuanze sasa kudai nafasi yetu ndani yake, na tudai pia ule mwanga mdogo ambao tayari upo na bei yake si kubwa.

Kwa nini jina la ugonjwa ni la maana

Mtu anaweza kusema: muuguzi alitoa dawa, mtoto anaweza kupona, jina la virusi linasaidia nini? Nitajibu kwa jambo lililotokea katika nchi yetu wenyewe.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi mwaka 2024, watu walianza kufa kwa homa, kikohozi na kukosa pumzi katika eneo la afya la Panzi. Hapa nasema Panzi ya mkoa wa Kwango, kusini-magharibi mwa nchi, si hospitali ya Panzi ya Bukavu ambayo wengi wetu tunaijua. Kufikia tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili, Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa 406 na vifo 31. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Dunia nzima ikaanza kuuita "ugonjwa usiojulikana". Redio za ng'ambo zikazungumza juu ya Congo kana kwamba tumezaa janga jipya.

Je, kulikuwa na nini? Panzi iko mbali na Kinshasa karibu kilomita 700, na katika mvua ile gari lilihitaji kama masaa 48 kufika. Maabara ya karibu haikuweza kupima vitu hivyo. Vipimo vilibidi visafiri. Majibu yalipokamilika mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili, katika vipimo 430 walikuta malaria pamoja na virusi vya kawaida vya kifua: mafua ya aina ya A, virusi vya mafua madogo, virusi vya Covid, na vingine vya jamii hiyo. Na chini yake kulikuwa na utapiamlo. Hakukuwa na mdudu mpya. Ilikuwa malaria, virusi vya kifua na njaa, vyote vitatu juu ya mtoto mmoja.

Kati ya mgonjwa wa kwanza na jibu hilo ilipita miezi miwili. Miezi miwili ya hofu na ya uvumi. Kama kungekuwa na njia ya kusoma vipimo pale pale kijijini, jibu lingepatikana kwa siku chache na msaada ungejua njia ya kupita: dawa za malaria, oksijeni, chakula cha watoto.

Sasa tazameni ramani yetu. Sisi tunategemea maabara ya taasisi ya INRB iliyoko Goma. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa lilitoa sauti ya wasiwasi juu ya maabara ile ile, kwa sababu ndani yake kulikuwa na vipimo vya magonjwa hatari kama Ebola na umeme ulikuwa hauna uhakika. Tarehe 19 mwezi wa tatu vita ikafika Walikale-centre yenyewe, na wengi wenu mnaosoma mistari hii mlikuja Mubi kwa miguu siku hizo, na godoro kichwani. Wapiganaji wakaondoka mwanzoni mwa mwezi wa nne, lakini barabara haikurudi kuwa barabara. Kipimo cha makohozi cha mtoto wa Mubi kinapita wapi kwenda Goma? Na kikifika, je, kitakuwa bado kizima?

Mwanga unasoma namna gani

Watoto wetu wanajua mchezo wa usiku: unashika tochi, unaibana nyuma ya kiganja, na mkono unawaka mwekundu. Mchezo ule ndio mwanzo wa elimu yote ninayotaka kueleza. Mwanga ukipita ndani ya kitu, hautoki kama ulivyoingia. Kitu kinachukua rangi fulani na kuacha nyingine. Anayejua kusoma kilichobaki, anajua mwanga ulipita ndani ya nini. Elimu hiyo inaitwa spektroskopia.

Mwaka 1928, kule Kolkata nchini India, mtaalamu wa fizikia jina lake C. V. Raman aligundua jambo dogo la ajabu. Ukipiga kitu kwa mwanga wa rangi moja, karibu mwanga wote unaotawanyika unarudi na rangi ile ile. Lakini sehemu ndogo mno, kama chembe moja ya mwanga katika milioni 10, inarudi ikiwa imebadilika rangi kidogo. Badiliko hilo linategemea jinsi viungo vya kitu hicho vinavyotikisika ndani. Mafuta yanatikisika kwa namna yake, protini kwa namna yake, sukari kwa namna yake. Raman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1930. India ya wakati ule ilikuwa bado koloni la Waingereza. Hilo nalisema kwa vijana wa fizikia katika shule zetu za sekondari wanaoamini kwamba ugunduzi unatoka Ulaya tu.

Sasa, watafiti wa leo wanachukua seli za mapafu na kuzilea katika kisahani cha maabara. Wanaziambukiza virusi vya kifua. Kisha wanazipiga kwa leza dhaifu, seli moja moja, na kusikiliza mwanga unaorudi. Virusi vikiingia ndani ya seli havikai kimya. Vinaigeuza seli kuwa kiwanda chao: inatengeneza protini za virusi, inabadilisha mafuta yake, inatumia akiba yake. Kila badiliko linaacha alama katika mwanga. Kompyuta inalinganisha alama za seli zilizoambukizwa na za seli nzima, mpaka inajifunza kutofautisha. Uzuri wake ni kwamba hakuna rangi ya kutia, na si lazima seli iuawe. Unaweza kuitazama seli ile ile saa baada ya saa na kuona ugonjwa unavyoingia.

Wengine wanatumia mwanga wa infraredi, ule wa joto ambao macho hayauoni, kupima mate na vitambaa vya puani. Wakati wa Covid kazi hiyo ilifanywa katika nchi mbalimbali, Brazil ikiwa mojawapo.

Lazima niwe mkweli, maana redio haipaswi kuuza ndoto. Mashine hizi bado hazijachukua nafasi ya kipimo cha PCR kinachotafuta virusi kwa jina lake. Ishara ya Raman ni dhaifu sana. Mara nyingi mwanga unaona kwamba seli inaumwa kabla ya kujua kwa uhakika ni kirusi gani kinachoiumiza. Kwa hiyo mtu akifika sokoni Mubi na kifaa cha kushika mkononi, akisema kinapima magonjwa yote ya mwili kwa mwanga ao kwa "kwantumu", mshike pesa zako vizuri. Elimu ya kweli bado iko katika maabara. Anayeuza barabarani anauza hewa.

"Hatuna barabara, wewe unatuletea leza"

Nawasikia tayari. Mzee mmoja wa mtaa wetu, nilipomweleza habari hizi, aliniambia: "Mwanangu, hatuna barabara, hatuna oksijeni, hatuna hata glavu za kutosha, na wewe unatuletea leza." Nilimwambia, baba, una haki. Kisha nikamweleza mambo mawili, naye akanyamaza akiyafikiri.

La kwanza: mwanga unaweza kuwa rahisi kuliko maabara ya kawaida. PCR inahitaji dawa zake za kupimia, na nyingi zinakaa katika baridi kali. Barafu ikiyeyuka njiani, kazi imekufa. Mwanga hauhitaji dawa hizo. Mwaka 2010, Nigeria ilianza kutumia mashine za mkono zenye mwanga wa Raman kukamata dawa bandia madukani na mipakani. Zilibebwa mkononi, kama ile bastola ya kupimia kasiterite. Kwa hiyo ufundi huu si lazima ukae katika jumba la vioo.

La pili: majirani zetu wameshaanza. Kule Tanzania, Taasisi ya Afya Ifakara ilichukua matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, 296, kutoka vijiji vya kusini-mashariki mwa nchi. Emmanuel Mwanga na wenzake waliyapiga kwa mwanga wa infraredi na kuifundisha kompyuta kutambua damu yenye malaria. Matokeo yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha usahihi wa karibu 92 kwa mia. Ni malaria, si virusi vya kifua, hilo tusilichanganye. Lakini fikirini: tone la damu kavu kwenye karatasi. Halihitaji barafu. Linaweza kupanda pikipiki. Na waliolisoma ni Waafrika, kwa damu ya wanakijiji wa Kiafrika, kwa ugonjwa wa hapa.

Na hapo ndipo penye uzito wa hoja yangu.

Mashine inajua kile tu ilichoonyeshwa

Mashine ya mwanga haizaliwi na akili. Inafundishwa. Unaionyesha mifano elfu, hizi ni seli nzima, hizi ni seli gonjwa, nayo inashika. Kama mifano yote imetoka mahali pamoja, itajua mahali pamoja.

Nitawapa mfano wa kisahani chenyewe. Aina ya seli za mapafu inayotumika sana duniani katika majaribio haya inaitwa A549. Ilitoka katika saratani ya mapafu ya mzungu mmoja wa miaka 58, mwaka 1972. Seli zake zinaendelea kugawanyika mpaka leo, na zimesaidia elimu sana. Sisemi pafu la mzungu na pafu letu ni vitu viwili tofauti. Nasema kwamba mtu yule hakuwa mtoto wa miezi 8 wa Masisi, mwenye malaria katika damu, aliyekosa maziwa ya mama kwa sababu mama mwenyewe hajala, anayelala katika nyumba ya moshi wa kuni na watu 14. Panzi ya Kwango imetufundisha kwamba kwetu magonjwa hayaji moja moja. Yanakuja matatu kwa pamoja. Mashine iliyofundishwa kwa mgonjwa mwenye ugonjwa mmoja na tumbo lililoshiba, ikiletwa Mubi, itatazama mtoto wetu na kupotea njia.

Mkidhani naogopa kivuli, basi tazameni kile kilichotokea kwa mashine nyingine ya mwanga, ile ndogo kuliko zote. Wengi mmeiona: kibanio kinachowekwa kwenye kidole, kinawaka mwekundu, na kinaonyesha namba. Inaitwa oksimeta. Ni tochi ya watoto wetu, ila yenye akili. Inapitisha mianga miwili katika kidole, mwekundu na wa infraredi. Damu yenye oksijeni na damu isiyo na oksijeni hazimezi mianga hiyo sawasawa, na mashine inapiga hesabu. Mwanzilishi wa wazo hilo ni Mjapani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974. Kifaa kile ni spektroskopia iliyoshuka mpaka mfukoni mwa muuguzi.

Mwaka 2020, katikati ya Covid, madaktari wa Marekani walilinganisha namba za kidoleni na vipimo vya damu yenyewe. Wakakuta kwamba kwa wagonjwa weusi, mashine ilisema "oksijeni iko sawa" wakati haiko sawa, karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Rangi ya ngozi nayo inameza mwanga, na wengi wa watu waliotumika kuzirekebisha mashine hizo walikuwa wa ngozi nyeupe. Mashine zilikuwa zimetumika miaka mingi hospitalini kote duniani. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo, na mwanzoni mwa 2025 ikapendekeza kanuni mpya ili watengenezaji wapime kwa watu wa ngozi mbalimbali.

Hakuna aliyepanga kutudhuru. Waliotengeneza walifanya kazi nzuri. Ila sisi hatukuwa mezani, na kosa likakaa kimya miaka mingi, mpaka watu wakafa nalo. Mashine za kusoma virusi bado ni changa. Kosa bado linaweza kuzuiwa kabla halijazaliwa. Ndiyo maana naandika leo, si baada ya miaka 20.

Tudai nini

Kwanza, tudai mwanga ule ambao tayari upo. Pamoja na kosa lake, oksimeta ni bora mara nyingi kuliko jicho tupu. Muuguzi anaweza kuhesabu pumzi, lakini hawezi kuona damu inavyoishiwa na oksijeni mpaka midomo igeuke bluu, na midomo ikigeuka bluu saa imeshakwenda sana. Namba ikishuka chini ya 90, mtoto huyo anahitaji oksijeni na hospitali sasa hivi, si kesho. Na kwa sababu tunajua kwamba kwa ngozi yetu mashine inaweza kupendezesha namba, muuguzi akiona 91 ao 92 kwa mtoto anayevuta mbavu, aamini mbavu kuliko namba. Kila kituo cha afya kati ya Mubi, Njingala na Walikale-centre kiwe na oksimeta ya watoto, betri zake, na mashine ya oksijeni inayoweza kufanya kazi kwa nguvu ya jua. Oksimeta bila oksijeni ni kumwambia mtu nyumba inaungua bila kumpa ndoo. Mashirika yanayohudumia wahami, mkileta mablanketi na sabuni, kumbukeni hili pia.

Eneo letu si maskini wa ardhi. Mgodi wa Bisie ulitoa mwaka 2024 zaidi ya tani 17,000 za bati, karibu 6 kwa mia ya bati ya dunia nzima. Kodi zinalipwa, na sheria ya madini inataka sehemu irudi kwa wakaaji. Wakati kamati za maendeleo zinakaa kuchagua kazi za kufanya, mara nyingi tunaomba majumba, kwa sababu jumba linaonekana na linazinduliwa kwa kukata utepe. Oksimeta haizinduliwi. Lakini ningependa siku moja nisikie chifu akisimama mkutanoni na kuiomba.

Pili, tudai kwamba watafiti wa INRB, wa vyuo vikuu vyetu na wageni wao wanapojaribu mashine hizi mpya, waje pia kwenye maeneo kama Walikale. Sisemi tuchotwe mate kama maji ya mto. Mtu aelezwe kwa lugha anayoielewa, akubali ao akatae bila kuogopa kunyimwa msaada, na majibu yarudi kijijini. Mhami anayesimama katika mstari wa chakula hana uhuru wa kukataa kama anayekuja na kifaa ndiye yule yule anayegawa unga. Kazi hizo mbili zitenganishwe. Na kama kipimo kimezaa mashine, mashine irudi hapa kwa bei ambayo kituo chetu kinaweza.

Tatu, tuandae watu wetu. Katika shule za Mubi na Walikale fizikia inafundishwa ubaoni kwa chaki, mara nyingi bila chombo hata kimoja. Kumbe prizma moja ya kioo na mwanga wa dirishani vinatosha kumwonyesha mwanafunzi kwamba mwanga mweupe una rangi ndani yake. Kijana anayeshika mashine ya kupimia kasiterite leo, anaweza kushika mashine ya kupimia virusi kesho. Kanuni ni ndugu. Tofauti ni kile ambacho jamii imeamua kina thamani ya kupimwa.

Wakati tunangoja

Siwezi kumaliza bila kumrudia mama yule na wengine waliopokea wageni nyumbani. Kule Kilifi, Kenya, watafiti wa KEMRI walifuatilia familia za kijijini ili kujua kirusi kinachoitwa RSV kinawafikiaje watoto wachanga. RSV ni cha hatari sana: mwaka 2019 kilihusika katika vifo vya watoto zaidi ya 100,000 wa chini ya miaka 5 duniani, karibu wote katika nchi kama zetu. Walichokikuta Kilifi ni kitu tunachoweza kukitumia leo hii: mara nyingi aliyeleta kirusi nyumbani alikuwa ndugu mkubwa wa mtoto, hasa wa umri wa kwenda shule.

Katika nyumba zetu za sasa, familia mbili ao tatu chini ya bati moja, ndugu wakubwa ni wengi. Basi mtoto mkubwa anayekohoa asilale uso kwa uso na mchanga. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba. Moto wa kuni upikiwe nje pale mvua inaporuhusu. Mchanga anyonyeshwe hata akiwa na kikohozi. Kadi ya chanjo isipotee katika kukimbia, na kama imepotea, nenda kituoni useme hivyo, hakuna atakayekufukuza. Na kila mama ajifunze kuhesabu pumzi: mtoto akiwa ametulia, inua nguo, tazama kifua dakika moja nzima. Namba niliziandika juu, zikateni mzibandike ukutani.

Nilimwona tena mama yule wa Masisi siku nne baadaye, karibu na soko, mtoto mgongoni. Kikohozi kilikuwa kimepungua. Akaniuliza kwa kucheka: "Ile yenu ya redio, mmejua sasa ulikuwa ugonjwa gani?"

Nikamwambia hapana, mama. Bado hatujui. Akasema, "Basi mutuambie mukijua," akaendelea na njia yake, akipita mbele ya nyumba ya mnunuzi wa madini, ambako watu walikuwa wamesimama katika mstari, kila mmoja na kifuko chake, wakingoja kuambiwa kwa uhakika kilichomo ndani ya mawe yao.